Dakika Kumi na Mbili za Pangoni

Nina maoni mengi kuhusu gemu za safari, na zamani nilikuwa nayatoa hata kabla sijaulizwa. Nazungumzia zile gemu za mashine ya mkononi ambazo unaingia kama mtu, unapewa upanga na wenzako wawili, mnatembea nchi nzima mkipigana na madude, mnaongea na wanavijiji, na kidogo kidogo mnapata nguvu. Gemu moja inakula saa arobaini, hata hamsini. Gemu za mpira na za magari siwezi kuzizungumzia, hizo ni za watu wenye haraka zao.

Maoni yangu ya kwanza ni kwamba gemu nzuri ni ile ya kupigana kwa zamu. Wewe unapiga, adui anasubiri. Adui anapiga, wewe unasubiri. Ina adabu. Zile za kubonyezabonyeza hovyo zinanikumbusha foleni ya ndoo maji yakirudi baada ya siku mbili. La pili, sipendi namna shujaa anavyoingia kwenye nyumba za watu bila hodi, akafungua makabati, akachukua dawa na viatu, na mwenye nyumba amesimama palepale anamkaribisha. Mara ya kwanza nilicheka. Nilipomsimulia Bibi, hakucheka. Alisema huyo si shujaa, ni mwizi mwenye bahati.

La tatu ndilo nililolishikilia kuliko yote: gemu ya kweli haikuruhusu kusevu popote unapotaka. Lazima ufike kwenye jiwe la kusevu, na ukianguka kabla hujalifikia, safari yote tangu jiwe la mwisho imepotea. Kwenye steshenari ninapofanya kazi nilibishana na wenzangu hadi wateja wakakaa kimya kutusikiliza. Nilisema gemu inayokuachia usevu kila hatua inakulea vibaya, inakufanya usiogope kitu. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Siku hizi mtu akilianzisha hilo, najifanya napanga karatasi.

Tunaishi mtaa wa Mirongo, mimi na Bibi mzaa baba, kwenye nyumba ya vyumba vinne aliyoiacha babu. Viwili vya mbele tunakaa sisi, viwili vya uani tumepangisha. Wazazi wangu wako Geita kikazi tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo aliyenilea ni Bibi, akisaidiwa na Bamdogo, yaani baba yangu mdogo, kitinda mimba wa Bibi, ambaye amenizidi miaka tisa tu. Bamdogo ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kutazama kivuko cha Kamanga kikiingia. Ndiye aliyenifundisha kushika gemu yangu ya kwanza, ile ya matofali yanayoanguka.

Miaka minne kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, Bamdogo alibeba begi akaenda kisiwani Ukerewe, kwenye kambi ya dagaa, na hakuonekana tena nyumbani, si kwa Idi wala kwa msiba. Majirani walipomuuliza Bibi, alisema jambo moja tu, na kila mara alilisema vilevile: "Aliondoka bila hata kuniaga." Mtaa mzima ukamweka Bamdogo kwenye kundi la watoto wasio na shukrani. Nami nilimweka humo, ingawa hakuna siku niliyoacha kumkumbuka.

Basi nilipopata mashine yangu, ya mtumba, yenye mkwaruzo kwenye kioo, na gemu ikaniuliza wasafiri wangu wanaitwa nani, sikufikiri sana. Shujaa nilimwita Mimi. Mponyaji mwenye fimbo, anayewatibu wenzake na kumfufua aliyeanguka, nilimwita Bibi. Na lile jitu lenye shoka, linalosimama mbele kupokea mapigo ya wote, nililiita Bamdogo. Ilikuwa njia yangu ya kukaa naye. Sikumwambia mtu, maana mwanamke wa miaka ishirini na sita akionekana anacheza mchezo wa baba na mama, watu wataanza kumtafutia dawa.

Mtu mwingine angecheza kimya. Mimi siwezi. Nacheza huku naongea, nalaumu, naomba, nashangilia. Hedifoni zangu zilikuwa zimepotea tangu kabla ya Ramadhani, na sauti ya mashine naiweka chini, lakini sauti yangu mwenyewe sijui kuiweka chini. Na nyumba yetu haina siling bodi. Kuta za vyumba zinaishia juu kidogo ya milango, na kutoka hapo ni mbao na bati tupu. Ukipiga chafya chumba cha mbele, mpangaji wa uani anakwambia afya.

Jumamosi hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Nilitoka kazini saa saba nikiwa na mafua makali, nikajilaza na mashine yangu. Chaji ilikuwa imebaki kidogo. Nilikuwa ndani ya pango refu, saa tatu za gemu tangu jiwe la mwisho, za jana usiku na za leo, na mbele yangu kulikuwa na dude lenye vichwa viwili. Likainua mkono, likampiga Bamdogo pigo moja, akaanguka.

"Mungu wangu, Bamdogo amekufa!" nikapiga kelele. "Bamdogo amekufa jamani! Tumebaki mimi na Bibi tu!" Halafu nikavuta kamasi, kwa sababu ya yale mafua.

Hayo ndiyo maneno yenyewe, sijaongeza wala kupunguza. Kila neno lilikuwa kweli ndani ya gemu, na kila neno lingeweza kuwa kweli ndani ya nyumba.

Mpangaji wetu, mama mmoja wa Kisukuma, mtu wa kanisani na mwenye utu kuliko sisi wengi, alikuwa chumbani kwake anakunja nguo. Alisikia. Angekuwa mtu mwenye kiherehere angekuja kunigongea, tukamaliza jambo palepale. Lakini yeye alifanya kama inavyotakiwa. Kwetu habari ya kifo haipelekwi mbichi. Huendi kwa mama wa mtu ukamwambia mwanao amefariki, ukasimama unamtazama. Unawakusanya watu wazima kwanza, mnakwenda pamoja, mnahakikisha amekaa chini, amekula, ana maji karibu. Na yule aliyekwisha kupata habari akajifungia chumbani analia, mnamwacha alie. Ndiyo maana hakuna aliyekuja kwangu. Walikuwa wananistahi.

Bibi alikuwa uani na ungo wake, anachagua mchele. Nilisikia shikamoo, nikasikia marahaba. Nikasikia sauti ya mzee wa msikitini, nikashangaa kidogo, mzee huyu na Jumamosi wapi na wapi. Nikasikia sauti za wanawake wawili watatu.

"Mama, umekula lakini?" mpangaji aliuliza.

"Nimekula."

"Kunywa hata uji kidogo, huu hapa nimekuletea."

"Uji saa tisa hii?" alisema Bibi. "Kuna nini?"

Bibi si mjinga. Amewanywesha wengine uji wa namna hiyo mara nyingi tu. Lakini mimi nilikuwa nayasikia yote hayo kama redio ya jirani, maana nilikuwa na shughuli. Karibu nusu saa tulikuwa tukijikinga na lile dude huku Bibi wa kwenye gemu akikusanya nguvu za kufufua, na sasa zamu yake ilikuwa imefika. Akainua fimbo yake, akamfufua Bamdogo. Bamdogo akasimama, akashusha shoka, dude likaporomoka. Nilifurahi hadi nikapiga godoro ngumi. Nikafungua ukurasa wa dawa ili nimtibu majeraha, na kwenye kona ya ukurasa huo gemu huonyesha muda uliokwisha kucheza. Ilikuwa saa thelathini na moja na dakika nane. Hapo ndipo Bibi, Bibi wangu wa kweli, alipopiga yowe.

"Mwanangu! Kitinda mimba wangu!"

Nilielewa papo hapo. Nalisema wazi kwa sababu kila nilipoisimulia habari hii kwa watu nilijipa muda wa kutoelewa, na muda huo haukuwapo. Nilijua nani anayeliliwa, nilijua nani aliyemuua, na nilijua kwamba ni mimi peke yangu katika mtaa mzima niliyeweza kuinyamazisha sauti ile kwa neno moja.

Nikatazama alama ya chaji. Ilikuwa nyekundu. Nikijitia kutoka na kuiacha, ingezimika, na saa tatu zingepotea, pamoja na lile dude. Jiwe la kusevu lilikuwa mwisho wa pango. Nikajiambia dakika moja tu.

Nikaanza kutembea ndani ya pango, haraka haraka, na nje Bibi akaanza kusema.

"Hakuondoka!" alilia. "Nimewadanganya! Mimi ndiye niliyemfukuza!"

Wanawake wakamwambia pole mama, nyamaza mama, usiseme hivyo. Hakunyamaza. Alisema Bamdogo alitaka kumwoa mwanamke aliyekuwa na watoto wawili wa mtu mwingine, na yeye akakataa. Alisema alimwambia akimwoa huyo asije hata kumzika yeye mama yake. Alisema mwanawe alipiga magoti akamshika miguu.

"Akanishika miguu hii!" alisema. "Nikaivuta! Nilimvutia miguu yangu mwanangu! Na sasa mimi ndiye ninayemzika yeye!"

Popo wawili walinizuia njiani. Kwenye gemu ile unaweza kukimbia vita, kuna kitufe chake. Sikukimbia. Nilipigana nao, kwa sababu popo wa pango lile wanatoa pointi nzuri. Nimejaribu kuitafutia sentensi hiyo namna ya kuiandika isinifedheheshe, nimeshindwa.

Nilipofika kwenye jiwe, gemu ikaniuliza kama nina uhakika nataka kusevu. Nikabonyeza ndiyo. Ikaandika saa thelathini na moja na dakika ishirini. Nikaiweka mashine chini ya mto, nikafuta kamasi, nikafungua mlango.

Uani kulikuwa kumejaa. Mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wamejifunika khanga, na ungo wa Bibi umepinduka, mchele umetawanyika sakafuni. Bibi alikuwa amekaa katikati yake, kichwa wazi. Sikuwahi kumwona kichwa wazi mbele ya watu. Mzee wa msikitini alikuwa pembeni na simu sikioni, anaulizia kivuko cha mwisho kutoka Ukerewe, ili mwili uvuke leo tuzike kesho mapema.

"Hajafa," nikasema.

Wanawake wawili wakanidaka mikono. "Lia mwanangu," wakaniambia. "Usijizuie, lia."

"Bamdogo hajafa! Ni wa kwenye gemu!"

"Amechanganyikiwa," mmoja akasema. "Mleteeni maji."

Nikachomoka, nikaenda kuileta mashine niwaonyeshe. Ilikuwa imekwisha kuzimika. Nikasimama mbele ya watu wazima waliofunga maduka yao nimeshika kioo cheusi, nawaeleza kwamba humu ndani mlikuwa na mtu mwenye shoka. Niliona namna nyuso zilivyokuwa zinabadilika, mmoja baada ya mwingine, kutoka huruma kwenda kwenye kitu kingine. Mpangaji wetu alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Binti," alisema mzee wa msikitini, polepole sana, "ni gemu gani hii unampa mtu jina la baba yako mdogo, halafu unamuua?"

Niliigeuza mashine, kioo kikaangalia chini.

Wakampigia Bamdogo. Simu yake haikupatikana. Wakampata mtu wa kambini, akaenda kumwita kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Tulisikia upepo, tukasikia miguu inakimbia, kisha sauti yake ikatoka kwenye spika, mbele yetu wote. "Haloo? Kuna nini nyumbani?"

Mzee akamkabidhi Bibi simu. Bibi aliishika kwa mikono miwili.

"Umekula?" alimuuliza.

"Nimekula, mama."

"Haya."

Akairudisha simu. Akaokota khanga yake, akajifunika, akaanza kukusanya mchele punje kwa punje, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Watu wakaanza kukunja mikeka. Hakuna aliyelitaja lile jambo walilolisikia. Walikuwa na adabu zao, nami nilitamani mmoja angalau awe mjinga aropoke.

Mpangaji wetu ndiye aliyeniuliza, na alikuwa na haki. Alikuwa ameaibika kwa ajili yangu. "Lakini wewe, muda wote ule bibi yako analia, ulikuwa husikii?"

"Nilikuwa na hedifoni masikioni," nikasema. "Sikusikia kitu."

Akanitazama. Kabla hajasema neno, Bibi aliongea palepale chini alipokuwa, bila kuinua uso.

"Alikuwa na hedifoni zake," alisema. "Huyu akizivaa, hata nyumba ikiungua hasikii. Mwacheni mtoto."

Wakaniacha.

Tangu siku hiyo Bibi aliacha kukaa uani. Mchele aliuchagulia ndani, kwenye kiti karibu na dirisha. Nilipokwenda bombani wanawake walikuwa wanaongea, nikifika wanakumbuka ndoo zao. Walioniona nimenyong'onyea walinifariji: kila jambo na heri yake, kama si gemu yako mama na mwana wangepatana lini? Maana Bamdogo alikuja, siku ya tatu. Najua walinitakia mema. Lakini nilikuwa nakereka, na bado nakereka. Siri ya Bibi ilikuwa yake. Kama angetaka kuitoa, angechagua mwenyewe siku na mtu wa kumwambia. Ningetoka dakika ya kwanza, angekuwa amelia tu, na kulia hakumfedheheshi mtu. Mimi nilimwachia dakika kumi na mbili za kujivua mbele ya mtaa, ili nisirudie pango.

Bamdogo alikuja na kiroba cha dagaa begani, mweusi kwa jua, amekonda shingo. Aliingia chumbani kwa Bibi, mlango ukafungwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona nyumba isiyo na siling bodi ni balaa. Nikatoka nikaenda kusimama barabarani, mpaka nilipoona mlango umefunguliwa. Walichoambiana sikukisikia, na ni jambo pekee katika habari hii nililolifanya vizuri.

Akanikuta kibarazani, macho mekundu lakini anacheka. "Lete nione mahali nilipofia," alisema.

Umeme ulikuwa umerudi. Nikawasha mashine, nikampa. Akakaa kama alivyokuwa akikaa zamani, magoti juu, viwiko vimeegemea magoti. Akaliona jina lake.

"Mbona niko hai?"

"Ulifufuliwa."

"Na nani?"

"Na Bibi."

Akacheka sana, akapiga paja. Kisha akaangalia tena kioo, na nikaona kicheko kinapungua. Ndiye aliyenifundisha kucheza. Alijua mambo haya yanavyokwenda.

"Nilifufuka saa ngapi?" aliuliza.

Ningeweza kusema uongo wa pili, sikuusema. "Kabla Bibi hajaanza kulia uani," nikasema.

"Na kutoka hapo mpaka kwenye jiwe?"

"Dakika kumi na mbili."

Hakunigombeza. Alizima mashine, akanirudishia kwa mkono wa kulia, kama mtu anayerudisha kitu cha mgeni. "Kamwambie mama," alisema. "Mwambie wewe mwenyewe."

Nilichukua siku mbili. Ya tatu, baada ya Alasiri, nilisimama mlangoni kwa Bibi nikapiga hodi mara tatu, mimi ambaye huingia tu.

"Karibu, mke mwenzangu," alisema. Ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mtoto, na hakuwa ameniita hivyo tangu ile Jumamosi.

Alikuwa amesimama kando ya kitanda anahangaika na chandarua, kona moja imelegea. Nikamwamkia, akaitikia. Nikafungua mdomo ili nianze, na macho yangu yakaenda kwenye kona ya pili, ile iliyokuwa imekaza. Ilikuwa imefungwa kwenye msumari kwa waya mweupe. Mwisho wa waya kulikuwa kunaning'inia kipande kidogo cha mpira, cha kuingiza sikioni.

Bibi akafuata macho yangu, akauona waya, akanitazama.

"Kamba ilikatika kabla ya Ramadhani," alisema. "Nikaukuta waya huu umelala tu."

Ndizo hedifoni zangu, na zilikuwa hapo hata Jumamosi ile aliponitetea.

"Bibi, siku ile…"

"Ulimaliza?" akaniuliza.

"Nini, Bibi?"

"Hicho ulichokuwa unakimalizia mle ndani."

"Nilimaliza," nikasema.

"Haya," alisema Bibi, akanipa ile kona iliyolegea. "Shika hapa, kinashuka."

Nikapanda kitandani, nikashika.